Mama Aliyekwenda Kukabidhiwa Msiba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani ingawa mengi yameshanitoka, pamoja na meno mawili ya mbele. Ni siku niliyosimama mbele ya kaburi la kiongozi wetu wa zamani, lile ambalo taifa limelijengea paa, na watu huenda kulizuru kutoka kila mkoa. Mama yangu alikuwa amekaa sakafuni, kavua ndala. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na viatu vyangu vya ngozi, nikiomba asinitie aibu mbele za watu. Kaa vizuri nikusimulie. Sijui kusimulia kwa haraka, na ukinikimbiza nitapotea katikati na hasara itakuwa yako.

Sisi ni Wazigua wa Handeni. Kijiji chetu kiko ndani, ukiacha barabara unafuata njia ya vumbi jekundu mpaka unaanza kujuta. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama akabaki na watoto wawili wa kiume: kaka yangu Mhando, na mimi Mdoe, kitinda mimba. Mhando ndiye aliyenilea mgongoni. Mto ukijaa alinivusha mabegani, akinitania kwamba siku moja ataniacha katikati ili mamba naye apate kitoweo. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nakwambia hivi mapema ili usije ukadhani nilikuwa na moyo wa jiwe utakaposikia yaliyofuata.

Kabla sijaendelea, sharti nikueleze desturi moja, maana ninyi mmezaliwa wakati desturi zimeshaota kutu. Kwetu, mtu akimchukua kijana wa watu, awe anakwenda naye kuwinda, au mnadani kuuza ng'ombe, au kukata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, yeye ndiye anayemrudisha. Mzazi huuliza kabla ya safari: nani anamchukua mwanangu? Na anayemchukua hujibu kwa jina lake. Ikitokea amefariki huko, basi aliyemchukua, akishindwa kurudi na mtu, hurudi na maneno. Huenda mwenyewe, huvua viatu mlangoni, huketi chini mbele ya mama wa marehemu na kusema kwa kinywa chake kwamba mwanao nilimchukua mzima, amefia mikononi mwangu, msiba wako huu hapa, nisamehe. Hapo ndipo msiba unakuwa umekabidhiwa. Kabla ya hapo ni habari tu, na habari hata kunguru huileta.

Basi vita ikazuka mpakani na vijana wakaitwa. Mhando hakuburutwa, nisimsingizie mtu. Alikwenda mwenyewe, tena kifua mbele. Lori lilisimama bomani Handeni limejaa vijana wanaimba, na mama akanishika mkono tukapenya mpaka kwa ofisa mmoja aliyesimama nyuma ya lori. Mama hakulia, wala hakumzuia mwanaye. Aliuliza jambo moja kwa adabu zote: nani anamchukua mwanangu?

Yule ofisa hakujua anaulizwa nini. Alidhani ni mama wa shamba anayetaka kuondolewa hofu. Akatabasamu na kumjibu kwa fahari, "Mama, mwanao anachukuliwa na Rais mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani ameridhika. Kwake lile lilikuwa jibu kamili, lenye mtu ndani yake.

Vita ikaisha. Waliorudi walipokewa kwa ngoma na vigelegele, na sisi tukatandaza macho njiani mpaka yakachoka. Kisha asubuhi moja katibu wa kijiji akaja nyumbani na baiskeli yake. Hakuiegemeza hata ukutani. Akasema akiwa ameishika usukani kwamba Mhando amefia vitani, amezikwa huko huko, na taifa linamshukuru mama. Akapanda baiskeli akaondoka, maana alikuwa na nyumba nyingine za kufika. Simlaumu, kazi kama ile humtoa mtu jasho la mwaka mzima.

Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akamgeukia mjomba Mhina, kaka yake, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Akamwambia, "Huyu si aliyemchukua."

Tukaweka matanga. Watu wakaja, dua ikasomwa, sufuria zikapanda mafigani. Na kama ilivyo ada, wenye msiba tukashuka vitandani tukalala chini kwenye mikeka. Siku ya kuanua matanga ikafika, ile ya kufunga maombolezo, watu wakaoga, mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kitandani kwake. Mama akakataa. Akasema hawezi kuanua matanga ya msiba ambao hajakabidhiwa. Na jambo lililotutisha zaidi ni kwamba hakulia. Tangu siku ya ile baiskeli hakutoa hata chozi, kwa hoja hiyo hiyo: huwezi kulilia kitu ambacho hakijakufikia mlangoni.

Mjomba alimbembeleza, sheikh alimbembeleza, wanawake wenzake wakamlilia wao ili aone inavyofanywa. Wapi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa ameamua kumngoja Rais wa nchi aje Handeni, avue viatu na kuketi kwenye udongo wa nyumba yetu.

Akangoja. Mkeka ukachakaa akasuka mwingine wa ukindu, na huo nao ukachakaa. Masika sakafu ilikuwa inatoa maji kama kitambaa kilichokamuliwa nusu, naye alilala hapo hapo. Watani wa kijijini wakapata la kusema. Walipokutana naye kisimani walimwuliza kama mgeni wake keshafika, au kama wamtumie salamu akaribie chakula cha mchana. Mama hakuwahi kukasirika. Alijibu, "Nchi ni kubwa, ana kazi nyingi. Atakuja." Aliyekuwa anakasirika ni mimi, mwanangu. Nilipigana shuleni kwa sababu yake mpaka nikashonwa nyusi, hii hapa.

Mwaka mmoja ilisikika kwamba kiongozi atapita Segera akielekea Arusha. Mama alipiga udongo kuta za nyumba upya, akaazima kwa mwalimu kiti chenye mgongo, akakiweka sebuleni, ingawa alijua vizuri kwamba mgeni wa aina ile hupaswa kuketi chini. Alisema mtu mkubwa lazima apewe kiti ili apate cha kukataa. Tukaenda Segera alfajiri. Wauza machungwa na mahindi ya kuchoma walikuwa wamesogezwa kando na askari, watu wamejipanga, na mama amesimama mbele na khanga yake mpya. Magari yakapita kwa kasi, vumbi likatuziba macho, mkono mmoja ukapunga kutoka dirishani. Basi. Barabara ikabaki tupu na machungwa yakarudishwa mezani.

Nikamwangalia mama nikidhani sasa atavunjika moyo. Akajipangusa vumbi usoni na kusema, "Leo ana haraka." Tukarudi nyumbani, na kesho yake nikakirudisha kiti kwa mwalimu.

Nikakua. Nikahamia Korogwe, nikaweka mashine ya kusaga karibu na soko, nikaoa. Yule kiongozi akastaafu, akazeeka, na mwisho siku yake nayo ikafika. Nchi nzima ililia. Redio zilipiga nyimbo za maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, hata wale waliomlalamikia akiwa hai walikuwa wanajifuta macho, na wala si unafiki, kifo kina namna yake ya kumrudishia mtu heshima zake. Nilikwenda kijijini kumtazama mama. Nikamkuta kwenye mkeka, redio ya jirani inasikika kupitia ukuta.

Akaniuliza, "Sasa msiba wangu atanikabidhi nani?"

Nikamwambia apumzike. Sisi vijana tukikosa jibu huwaambia wazee wapumzike.

Miaka michache baadaye kifua chake kikaanza. Alikohoa mpaka akawa anashika ukuta. Nikamchukua Korogwe, nikampeleka hospitali, na daktari akasema bila kuzunguka kwamba baridi ya sakafu imemla mapafu, na kwamba akiendelea kulala chini tusimlaumu mtu. Nyumbani kwangu mke wangu akamtandikia kitanda kwa shuka jipya. Likabaki jipya. Mama alilala kwenye saruji, pembeni ya kitanda hicho, na saruji ya Korogwe ni mbaya kuliko udongo wa Handeni. Nikagomba naye. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, kwamba Mhando amekufa, amekufa, na kwamba anataka kumfuata ili mimi nibaki peke yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniuliza kama nimekula.

Nikamtumia salamu mjomba Mhina. Alikuwa mkongwe kwa wakati huo, lakini alikuja na basi la asubuhi, akamtazama dada yake. Kisha akanivuta nje. Akasema nimpeleke kwa aliyemchukua mtoto. Kama hawezi kutoka, basi aendewe.

Nikacheka, mwanangu. Nikamwuliza mjomba kama makaburi ya wakubwa siku hizi yanasema. Akanijibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwamba mimi nimeubeba mzigo wa mama kwa ulimi tu ndiyo maana nauona mwepesi. Sikupenda, lakini kauli ya mjomba kwetu haikataliwi. Tukafunga safari.

Ilikuwa safari ndefu, tukalala njiani, mama akikohoa kwenye khanga ili asiwasumbue abiria. Hakuuliza tumefika wapi. Wala hakutazama milima wala mashamba. Alikuwa anatayarisha maneno yake. Niliona midomo inavyocheza.

Mahali penyewe ni pazuri, sitasema uongo. Miti imepandwa kwa mstari, uwanja umefagiliwa, kaburi limejengewa paa na sakafu yake inang'aa. Kando kuna nyumba wanamoweka vitu vyake, vazi lake na fimbo yake na vitabu vyake, na kuna mtu wa kuwaeleza wageni. Siku ile walikuwepo wanafunzi wa sekondari na kamera, na wageni wengine wa sehemu mbalimbali. Tukajiunga na kundi. Yule wa kutueleza alikuwa kijana mwenye adabu, anajua kazi yake, akatusimulia maisha ya marehemu tangu utotoni. Mama hakusikia hata neno moja. Tulipofika kwenye kaburi alivua ndala zake, akazipanga pembeni, akasogea mbele ya watu wote na kuketi chini, miguu ameikunja ubavuni, kama wanavyoketi wanawake wetu msibani.

Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani, "Mimi ndiye mama yake Mhando, wa Handeni. Ulimchukua mwanangu. Nimekungoja sana, sikukulaumu, najua ulikuwa na kazi nyingi. Sasa nimekuja mwenyewe kwa kuwa wewe huwezi tena kutoka. Niambie."

Akangoja ajibiwe.

Watu walidhani anaomba dua, wakainamisha vichwa. Lakini dua ina mwisho, na yeye hakuwa na mwisho. Kundi likaanza kusogea kuelekea kwenye ile nyumba. Yule kijana akamwambia kwa upole kwamba bibi, tunaendelea huku. Mama hakutikisika. Wanafunzi wawili wakaanza kunong'ona na kubana kicheko. Nikahisi masikio yananiwaka kama siku zile za shule. Nikainama, nikamshika mkono wa juu, nikamwambia kwa ukali wa chini chini, "Mama, wafu hawasemi. Twende."

Akanitazama. Sijawahi kumwona mtu amechoka namna ile. Aliyechoka kwa kazi ana mahali pa kupumzikia. Yeye alikuwa ametoka mbali kuja mahali pa mwisho palipobaki duniani, na pako kimya.

"Usimvute mama yako, kijana." Aliyesema alikuwa mzee mmoja aliyesimama upande wa pili wa kaburi. Mtu mrefu, koti la zamani, nishani mbili kifuani zimepauka. Mguu wake mmoja haukunjiki. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa askari wakati wa vita ile, na kwamba huja pale kila apitapo upande huo. Akamwuliza mama, kwa kuanza na salamu kama inavyotakiwa, anamngoja nani. Mama akamweleza yote, tangu lori la bomani mpaka siku ile. Alieleza kwa kifupi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuyapanga njiani.

Yule mzee akavua viatu. Ilimchukua muda, kwa sababu ya ule mguu, na hakutaka nimsaidie. Akajishusha taratibu mpaka chini, akaketi kati ya mama na kaburi.

"Sikumjua mwanao, mama," akasema. "Siwezi kukudanganya mahali hapa. Lakini nilikuwepo kule, na tuliwaacha wengi. Aliyewaita amelala hapa, hawezi kusema. Mimi nilirudi, basi nitasema mimi."

Akainamisha kichwa.

"Mama Mhando, mwanao tulimchukua sisi. Tulimchukua mzima. Amefia mikononi mwetu, na hatukuweza kumrudisha. Tumechelewa sana kukuambia. Msiba wako huu hapa. Tusamehe."

Mama akamwangalia muda mrefu. Kisha akapokea kwa mikono miwili, ingawa hapakuwa na kitu cha kupokea, akasema, "Nimeupokea."

Ndipo akalia. Mwanangu, nimezika watu wengi tangu siku ile na nimesikia vilio vingi, lakini kile sijakisikia tena. Kilikuwa kilio cha mama aliyepata habari dakika ile ile, kwamba kijana wake aliyeondoka akiimba kwenye lori amekufa. Alimwita kwa jina. Alimwita kwa majina ya utotoni ambayo nilikuwa nimeyasahau. Wanafunzi waliweka kamera chini. Yule kijana wa kueleza akatoka nje. Na mimi nilijikuta nimeketi sakafuni na viatu vyangu vya ngozi, nalia kwa sauti kama mtoto mdogo, maana miaka yote nilikuwa nimeshughulika na kumwonea aibu mama, na kaka yangu sikuwa nimemlilia hata mara moja.

Alipotulia nilimsaidia yule askari kuinuka, nikaanza kumshukuru. Akanikata. Akasema nisimshukuru hata kidogo. Alikuwa na wenzake kikosini ambao nyumba zao alizijua, na mama zao aliwajua kwa majina, kwa kuwa wao walikuwa wakiwataja kila siku. Aliporudi hakwenda hata nyumba moja. Aliogopa macho ya wale wanawake. Alijiambia kwamba serikali itawaambia.

Kisha akanigeukia, na swali alilonipa nimeishi nalo mpaka leo. Akauliza, "Huko kwenu hakurudi hata mmoja?"

Nikatazama viatu vyangu, mwanangu. Kwa sababu alikuwepo. Salehe alipanda lori moja na Mhando, walikuwa kikosi kimoja, naye alirudi mzima. Alikuwa anaishi Segera, anauza mahindi na vitu vidogo vidogo kwa abiria. Mara ngapi nimepita pale! Kila nikipita alinisalimu, akauliza habari za mama huku anatazama pembeni, na mimi nikamjibu kwamba hajambo. Kijijini kwetu hakukanyaga. Akija Handeni kwa shughuli zake alipita njia ya nyuma. Sote tulijua na sote tuliona sawa, kwa sababu jambo lile lilikwisha kuwa la Rais, na sisi wadogo tutaingilia vipi ya wakubwa?

Yule mzee alisoma jibu usoni mwangu. Akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba mama yangu alihitaji mtu wa kuvua viatu na kuketi chini, wala haikulazimu awe mkubwa. Akatuaga akaenda zake akichechemea. Jina lake sikuuliza, na hilo nalo ni kosa.

Tulirudi, na mjomba Mhina akatangaza matanga upya, ya siku chache, ili yaanuliwe kama inavyotakiwa. Watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Hata wale watani wa kisimani walikuja, na hawakutania. Mimi nilikuwa nimekwenda Segera kumwita Salehe. Sikumgombeza. Nilimwambia tu siku yenyewe, naye akaacha meza yake kama ilivyo, bila hata kuomba mtu aiangalie.

Aliingia nyumbani kwetu peku. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Akaketi mbele ya mama, akasema aliyopaswa kusema, kisha akamweleza yale ambayo hakuna mwingine aliyeyajua: kwamba Mhando alipigwa risasi mchana, kwamba hakuteseka muda mrefu, kwamba hakuwa peke yake, kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya Salehe, na kwamba alizikwa na watu waliolijua jina lake. Mama alisikiliza kila neno. Aliuliza kama alipata maji ya kunywa. Salehe akasema ndiyo, alimnywesha yeye mwenyewe.

Mama akamshika mkono. Akamwuliza, bila hasira yoyote, "Na wewe mwanangu, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Salehe akajibu, "Segera, mama."

Kutoka Segera hadi kwetu, mwanangu, mtu aliyeondoka asubuhi hula chakula cha mchana nyumbani.

Jioni ile mikeka ikakunjwa, mama akaoga, akalala kitandani. Lakini kifua kilikuwa kimekwisha kuliwa. Hakuiona masika iliyofuata. Tulimzika kando ya baba, na Salehe alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Daktari alisema ni mapafu. Mimi najua kilichomuua ni maneno machache ambayo kila mtu aliyeweza kuyasema alimngoja mwingine ayaseme. Ningependa kukwambia kwamba moyo wangu umetulia kuhusu jambo hili, ila haujatulia, na sidhani kama inafaa utulie.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Sikukatazi kwenda kuzuru makaburi ya viongozi. Nenda, tena nenda kwa heshima, uvue viatu hata kama hujaambiwa. Wale walibeba nchi, na nchi ni mzigo. Lakini usimwachie marehemu mkubwa kazi iliyo ya kwako. Taifa hushukuru kwa mnara, na mnara hauwezi kwenda Handeni kuketi na mama wa mtu. Miguu ya kwenda huko ni hii ya kwako.

Ninyi vijana siku hizi mnatoka wawili wawili. Mnakwenda Dar, mnakwenda migodini, mnapanda pikipiki, mnalala chumba kimoja na kula sahani moja. Ajali ikitokea mnachanga, mnapakia jeneza kwenye gari, mnatuma picha na maneno ya pole kwenye simu, na anayejua marehemu alisema nini mwisho anabaki mjini kwa sababu ana kazi. Huenda hata wewe unayenisikiliza, yuko mama mmoja huko Magoma au Kwashemshi ambaye uliondoka na mwanaye, ukarudi peke yako, na tangu siku hiyo unapita njia ya nyuma. Unajiambia kwamba ameshaambiwa. Kweli, ameshaambiwa. Hajakabidhiwa.

Nenda, mwanangu. Usitafute maneno mazuri, hayapo. Usingoje uwe na cha kumpelekea. Macho yake utayaogopa, na utafanya vizuri kuyaogopa, lakini yaogope ukiwa umeketi mbele yake. Mwambie ulimchukua, mwambie alikufaje, na akikuuliza kama alipata maji, mjibu ukweli. Kawia ufike, walisema wahenga, nami sikatai, ila wewe usikawie, kwa sababu mama hana umri wa kungoja kama nchi.

Mungu akupe magoti mepesi ya kuketi chini penye msiba, na kinywa kisichoogopa jina la aliyekufa. Akulinde uendako na akurudishe kwa miguu yako. Na ikiwa siku moja ni wewe utakayebaki huko ulikokwenda, basi akujaalie mwenzako mmoja, hata awe maskini wa mwisho, atakayekuja kuniambia kabla sijaanza kungoja. Amina.